Nakuru iko na ukuta wa kale, shida ni tunautafuta juu

Uliza mtu wa Nakuru ukuta wa kale uko wapi, atakuelekeza Mombasa. Atakutajia Fort Jesus, maana ndiko shule ilimpeleka akiwa mdogo, ama Gedi kama mwalimu wake alikuwa wa kupenda historia, na hapo orodha yake imeisha. Hakuna mwenye atakwambia panda matatu ya kwenda Lanet ukaangalie ukuta. Mimi ni mtu wa mjengo, mawe ndiyo yamenilisha mimi na watoto wangu, na hili jambo linanikera sana vile watu wa huu mji hawalijui, kwa hivyo leo nimeamua kuliandika lote, na litakuwa refu kidogo, mtanivumilia.

Ilianza na picha. Binamu yangu yuko London, na siku moja akanitumia picha kwa simu akiwa chini ya ardhi kwa parking ya magari, na pale katikati ya magari kuna kipande cha ukuta mzee kabisa, mawe na matofali, gari ya mtu imeegeshwa hapo kando kama hakuna kitu. Akaniandikia, "Kaka, wewe mtu wa mawe, ona hii, hawa watu wanaegesha kando ya ukuta wa Warumi." Na ni kweli, ule ukuta wa London Warumi waliujenga karibu mwaka wa 200, halafu miaka mingi baadaye, enzi za kati, wenyeji wakauongezea juu. Pale Tower Hill unaona vizuri kabisa, chini ni kazi ya Warumi, juu ni ya wale wa baadaye. Kuna sehemu ingine kwa bustani ya St Alphage ambako juu kuna matofali yaliyowekwa mwaka wa 1477 wakati koo za kifalme zilikuwa zinapigana. Mji ukaumeza ukuta, watu wakajenga nyumba zikiuegemea, ukawa ukuta wa stoo ya mtu, ukawa ukuta wa jikoni ya mtu, mpaka mabomu ya 1940 yakaangusha hizo nyumba na vipande vikaonekana tena.

Binamu alikuwa anajivunia, unajua mtu akikaa mahali sana anaanza kupapenda. Nikamjibu hata sisi tuko nao hapa nyumbani na wetu ni wa enzi hizo hizo za wale waliokuwa wanaongeza ukuta wa London, akadhani nacheza.

Sasa sikieni. Ukitoka Nakuru mjini ukishika barabara ya Nairobi, kilomita chache tu, kuna kilima cha mawe kinaitwa Hyrax Hill, wazungu walikipa jina la wale pimbi waliokuwa wanaishi kwa nyufa za mawe. Wengi wanakijua kama stage. Hapo ndani kuna makumbusho ndogo kwa nyumba ya zamani ya shamba, ilifunguliwa 1965, lakini kilima chenyewe kilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa tangu 1943, baada ya mwanaakiolojia Mary Leakey kuchimba pale 1937 na 1938. Kuna makaburi ya zamani sana, ya maelfu ya miaka, ambapo wanawake walizikwa na vyombo vya mawe. Kuna bao lililochongwa juu ya mwamba, mashimo yake bado unaingiza kidole. Ukipanda juu unaona ziwa lote, na zamani sana hilo ziwa lilikuwa kubwa mpaka maji yakazunguka hiki kilima. Yote hayo ni mazuri na mtu anaweza kuandika siku nzima lakini leo mimi nataka ukuta.

Ukuta wenyewe uko wapi? Uko kwa shimo.

Hapo ndipo watu wote hupotelea, kwa sababu umefundishwa ukuta ni kitu cha kuinua shingo. Pale Hyrax Hill unatembea kwa nyasi, halafu unafika mahali ardhi imezama, mviringo, kama mtu alibonyeza udongo kwa kiganja kikubwa, na ndani ya huo mviringo pembeni kuna mawe yamepangwa. Hili ni shimo la Sirikwa, wale wafugaji wa zamani wa huku kwetu. Lile lililochimbwa likaachwa wazi unaliona vizuri, lakini upande huo wa kaskazini mashariki ya kilima yako zaidi ya kumi, mengine yamebaki ni vibonde tu vya nyasi, mgeni anapita akidhani ni mahali maji hutuama wakati wa mvua.

Mimi nilishuka ndani nikachuchumaa mbele ya yale mawe kwa muda mrefu mpaka yule kijana wa kutembeza wageni akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Niko sawa kabisa, nilikuwa nasoma kazi ya fundi. Maana jiwe likiporomoka lenyewe kutoka mlimani linalala vyovyote, lakini jiwe likiwekwa na mtu, uso wake mzuri unaangalia mahali mtu atakuwa amesimama. Na haya yote yalikuwa yanaangalia ndani. Yale makubwa yako chini, madogo juu, na nyuma ya mawe ni udongo, yaani ule ukuta hausimami peke yake, unashikilia ukingo usiporomoke. Sisi tunajenga kitu hicho hicho leo, pale ploti iko kwa mteremko na mwenye ploti hataki udongo wa jirani umwangukie. Hakuna simiti, hakuna hata tope la kushikisha. Jiwe na jiwe.

Na ni wa kazi gani? Hapa kuna kisa kizuri. Mary Leakey alipochimba aliona mviringo, mawe, vipande vya vyungu, akasema hizi ni nyumba, watu walikuwa wanaishi ndani ya mashimo yenyewe, na kwa miaka mingi vitabu vikarudia hivyo hivyo. Baadaye akaja mwanaakiolojia mwingine, John Sutton, aliyefanya utafiti wa haya mashimo kote kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa na magharibi, Uasin Gishu mpaka huko Cherangani, na akarudi kuchimba hapa hapa Hyrax Hill miaka ya 1980. Yeye akaonyesha kwamba shimo ni zizi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo ndio walilala mle ndani usiku. Watu walilala kwa vibanda vilivyoshikana na zizi pembeni, na mlango wa kibanda ukafunguka kuelekea ndani ya zizi, kwa hivyo ukitaka kumfikia mtu ama mnyama unapita mlango mmoja tu wa boma zima, na kuzunguka pale juu kulikuwa na ua. Adui akija usiku kuiba ng'ombe atapitia wapi? Atalazimika kupita kwa ule mlango mmoja, mwembamba, na wenye boma wako macho wanamngojea.

Mlango uko upande wa chini wa mteremko. Hii ukiijua hutaisahau, na ndiyo alama ya kwanza ya kutafuta. Kwa sababu zizi hujaa mavi na tope, na mtu mwenye akili anafagia kuelekea chini, mlango uko huko, anasukuma inatoka. Wakafagia hivyo kila siku kwa miaka, kile kitu kikarundikana nje ya mlango mpaka kikawa kama kilima kidogo. Na vile walivyokuwa wanafagia na kukwangua, zizi lenyewe likazidi kuzama, ndiyo maana lina kina. Kwa hivyo unatafuta kibonde, na chini yake kidogo unatafuta kichuguu. Kibonde na kichuguu, mlango katikati. Ukiona hivyo kwenye mteremko simama hapo hapo.

Nilipoelewa hayo ndipo nikaelewa kwa nini sisi wa huku hatujui kama tuko na kuta. Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593, ikajengwa ya mizinga, ya watu wa mbali kuiona kutoka baharini waogope. London wamezunguka mji mzima, kuna milango mikubwa yenye majina. Hawa Sirikwa walijengea ng'ombe. Hakuna mfalme aliyetaka jina lake libaki pale, ni familia moja ama mbili zimepanga mawe zizi lisiporomoke, zizi likichakaa wanachimba lingine hapo kando, na wamefanya hivyo kuanzia karibu mwaka wa 1200 mpaka miaka ya 1700, karne tano! Huo si ukuta mdogo. Ukiyapanga yote pamoja, yaliyoko Nakuru na Uasin Gishu na Elgeyo, sidhani kuna mtu Kenya hii amepanga mawe mengi kuliko wao kabla ya reli. Lakini kwa sababu ni ya ng'ombe hatukuyahesabu kama historia. Mimi natoka kwa watu wa ng'ombe, na sikubali hilo hata kidogo.

Halafu kuna Lanet. Hii ilinishtua zaidi maana Lanet nimefanya kazi sana, nimejenga huko nyumba nyingi. Mwaka wa 1957 mwanaakiolojia anaitwa Merrick Posnansky alichimba mashimo ya aina hii huko Lanet, na vyungu vilivyotoka vikapewa jina la mahali, kwa hivyo mpaka leo mtu akisoma akiolojia ya Afrika Mashariki anasoma kuhusu vyungu vya Lanet. Hiyo ni miaka ya 1950, wakati hao wa London nao walikuwa wanachimba barabara mpya na parking yao. Jina la stage yetu ya matatu liko kwa vitabu vya chuo kikuu na sisi tunateremka hapo na mifuko ya sukuma wiki bila habari.

Hivi vyungu mtu anaweza kuvitambua. Kabla chungu hakijakauka walichukua kamba iliyosokotwa wakaibingirisha juu ya udongo mbichi, ikaacha alama ndogo ndogo zimelala upande, mstari juu ya mstari. Ukishika kigae chake ukakielekeza kwa jua la pembeni zile alama zinasimama zote, unaona mpaka nyuzi za kamba. Mtu alikaa chini akasokota hiyo kamba kwa paja lake, akaitumia, na alama bado iko.

Sasa niseme yale yaliyoniuma. Kuna kazi moja nilikuwa nasimamia upande huo wa mashariki wa mji, ploti ya hamsini kwa mia kama zingine, mteremko kidogo. Vijana wakachimba mtaro wa msingi, na kwa kona ya nyuma wakagonga mawe. Mawe Nakuru ni kawaida, huu ni mji wa volkano, Menengai iko hapo juu inatuangalia, kila mtaro unatoa mawe. Lakini haya yalikuwa na mstari. Mstari wenyewe ulikuwa unapinda, na upande wake mmoja udongo ulikuwa mwekundu kama wa ploti yote na upande mwingine ulikuwa wa kijivu, laini kama majivu, ukiukamata unapeperuka, na ndani kuna vipande vya mifupa na vigae viwili vitatu. Udongo wa kijivu namna hiyo ndiyo mavi ya zizi la zamani yakishaoza na kukaa miaka. Nikawaambia vijana wawache, nikapiga simu kwa mwenye ploti nikamweleza kwa upole kwamba hapa kuna kitu, na sheria ya makumbusho ya 2006 inasema ukipata kitu cha kale unatoa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7. Akaniambia, "Fundi, mimi nalipia nyumba, silipii mawe." Nikaomba siku hizo saba tu. Nilipofika asubuhi iliyofuata alikuwa ametuma lori na watu wengine usiku, mawe yote yametolewa, yamepasuliwa, yako tayari kujazwa chini ya slabu.

Ile nyumba iko, ina watu, wanalala vizuri. Nikipita hapo huwa najua chini ya sebule yao kuna mawe ambayo yalipangwa na mtu, na sasa ni kokoto.

Na kusema ukweli si yeye peke yake. Mawe huhama. Mtu akilima shamba anayatupa kwa mpaka. Shule ikitaka kujenga darasa wazazi wanaambiwa kila mmoja alete mawe, na mawe yaliyo karibu ni yapi? Ni yale ya lile zizi la kale pale juu. Nilikuwa na kazi huko upande wa Moiben, Uasin Gishu, ambako haya mashimo ni mengi na kuta zake ni za mawe kweli kweli, na mzee mmoja mwenye shamba akanionyesha ua wake wa ng'ombe akaniambia mawe yote yalitoka kwa shimo la Sirikwa, babake ndiye aliyabeba. Nikamuuliza kama hakuona vibaya. Akafikiria, akasema, "Kijana, yalikuwa ya ng'ombe, na bado ni ya ng'ombe." Hapo sikuwa na la kumjibu na sikutaka kubishana naye, maana yeye angalau anajua mawe yametoka wapi. Akaniambia na wao walisimuliwa na wazee wao kuhusu Sirikwa, watu wa ng'ombe wengi, waliokuwa hapo mpaka Wamaasai wakaja na vita vya namna ingine, na mashimo yakaachwa. Wengine wakaondoka, wengine wakabaki wakawa jamaa za watu.

Mwenye alinifungua macho kabisa lakini ni fundi mawe mmoja tuliyekuwa naye kwa kazi, mzee wa Migori, wote tulikuwa tunamwita Jaduong'. Huyu alikuwa anaweza kuangalia rundo la mawe kutoka kwa lori akachagua la kona bila kutumia kamba wala timazi. Nikamweleza habari ya mashimo ya Nakuru, akasikiliza, akaniambia, "Twende nyumbani nikuonyeshe ukuta ambao haujalala." Tukaenda Thimlich Ohinga.

Ni mbali, kama kilomita 46 kutoka Migori mjini, unapita njia ya Macalder, vumbi, na unafika mahali pa miti ya mipangapanga ile yenye mikono inayoelekea juu, na ghafla uko mbele ya ukuta. Huu si wa kuchuchumaa. Sehemu zingine ni mita moja na nusu, zingine zinapanda mpaka mita nne na nusu, unene kama mita moja, na umepindapinda kama mto, hakuna mahali umenyooka kabisa. Inasemekana ulijengwa karne ya 16, na haukujengwa na kabila moja, watu walikuja wakakaa wakahama, wengine wakaja wakaurekebisha wakakaa, hivyo hivyo mpaka katikati ya karne ya 20. Mwaka wa 2018 UNESCO wakauweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Na kuta za aina hiyo zilikuwa nyingi kote Nyanza kusini, mamia, huu ndio mkubwa na uliobaki mzima zaidi.

Jaduong' hakuongea sana. Akaenda mahali ambapo ukuta ulikuwa umefunguka kidogo juu akaniita. "Ona tumbo lake." Nikaona. Kuna ukuta wa nje, mawe yake yanaangalia nje. Kuna ukuta wa ndani, unaangalia ndani. Na katikati kumejazwa mawe madogo madogo yanayokamata hizo pande mbili zisiachane. Kuta tatu kwa ukuta mmoja, na bado hakuna simiti. Akanionyesha jinsi jiwe la juu linalalia mawe mawili ya chini, kamwe halilalii moja, ndivyo na sisi tunawafundisha vijana leo kupanga kozi, kiungo kisikutane na kiungo. Alichukua kijiwe kidogo kilichoanguka akakizungusha kwa vidole, akakirudisha mahali kilipotoka, kikaingia bila kusukuma. Mtu wa kulinda pale akamwambia kwa heshima, "Baba, tafadhali usiguse," na Jaduong' akamwomba msamaha, lakini kijiwe kikabaki mahali pake.

Mlango ni mfupi, unainama ndiyo uingie, na ukiinama hivyo kichwa chako kimetangulia, na ndani hapo karibu na mlango kulikuwa na nyumba ya mlinzi. Wazo ni lile lile la Sirikwa, mlango mmoja mwembamba, adui aingie akiwa hana nguvu, ng'ombe wako ndani katikati. Huku Nyanza wakapanda juu, Nakuru wakashuka chini, lakini walikuwa wanatatua shida moja.

Kuna zingine magharibi za udongo, hizo sitazichambua sana kwa sababu udongo si kazi yangu, lakini mtu wa Webuye asiniambie hana ukuta. Hapo juu ya mji kwenye kile kilima cha Chetambe kuna handaki na tuta la ngome ya Wabukusu, ndiko walipigana na jeshi la Waingereza mwaka wa 1895, afisa wao wa utawala Hobley akiwapo, na watu wengi sana walikufa pale. Siaya na Ugenya pia kuna mahame yaliyozungukwa na handaki, Wajaluo wanayaita gunda bur. Joseph Thomson, yule mzungu mpelelezi, alipopita magharibi 1883 alikuta vijiji vyenye kuta mpaka kwa Wanga huko ambako leo tunaita Mumias. Sasa hapo ni miwa na maduka.

Kwa hivyo ukitaka kutafuta, nenda Januari ama Februari nyasi zikiwa zimekauka na kulala, mvua ikishanyesha huoni kitu. Nenda saa kumi jioni ama asubuhi mapema jua likiwa chini, kwa sababu jua la saa sita linafuta kila kitu, lakini la pembeni linatia kivuli kwa kila kibonde, hata kile cha kina cha kiganja. Angalia mteremko, usiangalie tambarare. Angalia nyasi, mahali palipokuwa na mavi ya ng'ombe nyasi huota tofauti kwa miaka mingi sana, huko Narok watafiti walipima wakakuta udongo wa maboma ya wafugaji wa zamani bado una rutuba kuliko wa kando yake hata baada ya miaka 3,000. Ukiona mawe tafuta uso wake. Na kama ni shamba la mtu piga hodi kwanza, uongee na wazee, mara nyingi wanajua, ni vile hakuna mtu amewahi kuwauliza.

Usichimbe. Hii naomba sana. Kigae kikishatoka mahali pake kimebaki kigae tu, lakini kikiwa bado kwa udongo wake kinaweza kusema ni cha lini na kilikuwa cha nani.

Kwa kazi zangu zote sasa hivi nimeweka utaratibu na vijana wanaujua. Jembe likigonga mawe yenye mstari na udongo ukabadilika rangi kuwa wa kijivu, kazi ya hiyo kona inasimama. Unaweka futi kando ya mawe unapiga picha, moja kutoka juu na moja kutoka upande, unafunika na mabati, unanipigia mimi, mimi napigia watu wa makumbusho pale Hyrax Hill, na tunaendelea na kona ingine. Kwa mkataba nimeandika mstari mmoja kuhusu hilo kabla mteja hajaweka sahihi, hizo siku saba ziko kwa maandishi, na mwenye hataki tunaachana mapema kwa amani. Kufikia sasa wateja wawili wamekataa na wengine wote wameweka sahihi bila maneno.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji kama Nairobi na Mombasa na Kisumu, tarehe 1 Desemba 2021, na tangu siku hiyo bei ya ploti imepanda na Lanet inajengwa mchana na usiku, kwa hivyo hii kazi haingoji mtu. Jumapili ya mwisho ya Januari nitawapeleka mafundi wangu wote Hyrax Hill, na wenye wanataka kujiunga na sisi waje, tunaingia saa tisa, tunalipa kiingilio kila mtu yake, tunaanza na lile shimo lililo wazi halafu tunatembea mteremko wote kutafuta milango. Beba maji na kofia, na watoto waje, wao ndio huviona vile vibonde haraka.